Ndimu Zangu na Gamba la Boila

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Habari imetoka. Bi Mwanamize, mwenyekiti wa ushirika wetu wa mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, hapa Konde, ametukusanya barazani. Amesema msimu huu karafuu ni haba, na karafuu zikiwa haba makonyo nayo ni haba, na makonyo yakiwa haba hakuna haja ya watu wawili kuangalia boila moja la mvuke wa kutolea mafuta. Kuanzia mwezi ujao atabaki mmoja. Mwengine akalime muhogo.

Wawili hao ni mimi na Mmanga. Sikutikisika. Nani atamwacha Hudhaifa? Mvuke wa zamu yangu unatoka mweupe, umenyooka, una heshima zake. Mvuke wa zamu ya Mmanga unatoka kwa kukohoa, kama mwenyewe.

Uamuzi utatolewa siku ya kufungua boila na kugonga gamba. Kila mmoja atasimama aeleze alilolifanyia boila, na watu wataangalia ndani. Bi Mwanamize alipofika hapo alinitazama mimi muda mrefu. Nimeichukulia kuwa ishara njema.

Gamba ndilo adui yetu. Maji ya kisima chetu yamejaa chokaa. Yakichemka, chokaa inabaki nyuma, inashika kwenye chuma, gamba juu ya gamba, mpaka unene wa kidole. Kuni zinateketea, moto unanguruma, maji hayana habari. Kila msimu mimi na Mmanga tunaingia ndani kwa zamu na nyundo na tindo, tunatoka weupe kama tumeangukia gunia la unga. Hapo tu ndipo tunaposaidiana. Siku nyengine tunasalimiana, basi.

Sina wasiwasi. Muhogo sijui hata unapandwa upande gani juu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua jambo!

Mke wangu Saada ana mabirika mawili. Moja la chai. Hilo limeota gamba ndani, ukilitikisa linalia. La pili ni la dawa. Humchemshia mama yake mchaichai na maji ya ndimu kwa ajili ya kifua. Leo nililifungua nikitafuta sukari, maana Saada ananificha sukari mahali pasipofikirika. Sukari sikuiona. Nilichokiona ni birika linameremeta ndani! Maji yale yale, kisima kile kile, jiko lile lile!

Shemeji Nahla, mdogo wake Saada, anasomesha kemia skuli ya sekondari Wete, na alikuwapo kaja kutuangalia. Nikamuuliza kijanja, kama mtu anayeuliza saa. Akanieleza kwamba chokaa ikipata moto inatafuta pa kukaa. Chembe ya kwanza inashika chuma, ya pili inapangwa juu ya ya kwanza, kama waashi wanavyojenga ukuta. Asidi ya ndimu inazishika zile chembe kwenye kona zake, zikawa hazipangiki. Badala ya ukuta unapata tope laini, linalotoka na maji, na hata ukuta wa zamani unalegea. Tena kidogo tu inatosha, akasema, na kuhusu chuma chenyewe ni lazima...

Sikumngoja amalize. Mtu akishaonyeshwa mlango hahitaji kuelezwa bawaba. Nilikuwa tayari ni mvumbuzi, nikatoka uani kufikiri. Nyuma nikamsikia akimuuliza dada yake kama mumewe amepigwa na jua la kichwa. Shemeji yangu ananipenda sana.

Sitomwambia mtu. Siku ya kufungua boila nitasimama, nitasema, na Mmanga atakwenda muhogoni.

Alhamisi, 7 Novemba

Kifaa kimekamilika. Nakiandika hapa ili vizazi vijavyo visibabaike.

Ndimu fungu zima. Fungu la sokoni Konde ni ndimu saba, basi saba. Sikuzikamua, maana ukimimina yote mara moja nguvu inakwisha siku moja. Nimezitoboatoboa kwa sindano ya Saada, maji yake yatoke polepole. Hiyo ndiyo akili. Nikazifunga kwenye kitambaa ili kokwa zisizibe bomba. Kitambaa chekundu, kipande cha kanga kuukuu, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo. Nikakaza kwa uzi mweusi, mizunguko mingi, maana mweusi ndio mgumu. Nikatia na jiwe ili kizame. Sindano moja imekatikia ndani ya ndimu. Si kitu.

Ilipofika alasiri wenzangu wakaenda msikitini, nami nikajitolea kubaki na moto, nitasali nyuma yao. Maalim Abrahman, imamu wetu, alinisifu mbele za watu kwa kujitoa. Walipotokomea njiani nikakizamisha kifurushi kwenye pipa la chuma linalolisha maji boila, pembeni, kimeegemea ubavu wa pipa.

Nikasimama nikakitazama kinavyozama. Sitaficha, niliona fahari. Wangapi katika Konde hii wameiamrisha chokaa isijipange?

Nimekipa jina: Kizuia-Gamba cha Hudhaifa. Halafu nikasali, sala ya haraka lakini ya dhati.

Jumapili, 10 Novemba

Kinafanya kazi!

Nimefungua koki ya chini ya boila kutoa uchafu. Zamani vilikuwa vinatoka vipande vigumu vya kukata vidole. Leo limetoka tope jeupe, laini, mfano wa uji wa mtoto. Nikalishika, likaniponyoka. Machozi yalinilenga.

Mmanga akapita, akatazama, akasema boila linaharisha. Huyo ndiye ninayeshindanishwa naye! Yeye naye ana mkakati wake. Tangu juzi anaisugua geji ya mvuke kwa jivu, ile ambayo kioo chake kilivunjika zamani, ili ing'are mbele ya Bi Mwanamize. Amesugua mpaka tarakimu zimefutika. Geji sasa inang'ara na haisemi kitu.

Nimebadilisha ndimu. Zile za mwanzo zimekwisha nguvu, ikabidi kuzifukia. Ardhi yote ni kavu, nimejaribu mahali tele. Isipokuwa mlangoni pa kiwanda, maji yanapomwagika, udongo ni laini. Nikazifukia hapo hapo chini ya kizingiti, haraka haraka, nikasawazisha kwa kiatu. Kazi safi.

Jumanne, 12 Novemba

Saada ameanza kunishuku. Ndimu zake za achari zimekwenda wapi? Sindano iko wapi? Na kile kipande cha kanga? Nimemjibu kuwa ni mambo ya kazini. Akauliza ni kazi gani ya boila inayotaka sindano. Nikaomba chai kwa hadhi. Akasema kama nimeoa mke wa pili kwa siri, basi maskini huyo mke ana kikohozi kibaya.

Hotuba yangu inaendelea vizuri. Inaanza hivi: "Ndugu wanaushirika, kuna watu wa nyundo na kuna watu wa akili." Nimeisoma mbele ya mbuzi wetu uani. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Mmanga hajawahi kulifanya.

Alhamisi, 14 Novemba

Balaa. Balaa tupu. Naandika kwa utaratibu ili nisije nikajichanganya mwenyewe.

Asubuhi kuku wa jirani alikuwa anaparua mlangoni pa kiwanda. Akaparua, akatoa ndimu. Ndimu iliyotobolewa. Akaparua tena, akatoa ya pili, na hiyo ndiyo yenye sindano. Kina mama wanaochambua makonyo wakasimama wote kwa pamoja. Hakuna aliyepiga ukelele. Bora wangepiga.

Mmanga akasema, kama mlangoni pana haya, ndani je? Wakatafuta. Wakafika kwenye pipa. Mmanga mwenyewe akatumbukiza mkono akatoa kifurushi kinachuruzika maji, wakakiweka juu ya turubali na kukifungua kwa kijiti, kila mtu kaweka mkono mdomoni. Kitambaa chekundu. Uzi mweusi. Jiwe. Ndimu saba, zimetobolewa kila upande.

Hapo ndipo nilipokitazama kifaa changu kwa macho ya wenzangu. Kila kitu kina sababu yake! Kitambaa kinazuia kokwa. Tundu zinapunguza kasi. Jiwe linazamisha. Lakini vyote pamoja, juu ya turubali, katikati ya watu waliojiinamia... Kusema kweli hata mimi nilirudi nyuma kidogo.

Mmanga akakaa chini. Akasema, "Yakhe, mie nshajijua. Mguu huu hauniachi, kumbe nafanyiwa." Akalia, mtu mzima mwenye wajukuu. Mguu wake unamuuma tangu Ramadhani alipoanguka mtaroni akikimbilia futari, na nilikuwapo. Imeniuma sana kazi yangu ya kisayansi kusingiziwa mguu wa mtaroni.

Watu wakaanza kuulizana ni nani. Nikaona nikinyamaza peke yangu itakuwa aibu. Nikapaza sauti kuliko wote: aliyefanya haya Mungu amuumbue! Wakaitikia amin, kiwanda kizima. Nilifikiri baadaye.

Maalim Abrahman akaletwa. Mtu wa utulivu. Akasema ndimu ni ndimu, mlinzi ni Mungu, tusome dua turudi kazini. Dua ikawa ndefu. Kila alipofika kwa wenye kukusudia shari, watu waliitikia kwa nguvu, na mimi niliitikia chini chini, nikitia nia moyoni kwamba sikukusudia shari, nilikusudia mvuke. Naamini inakubalika.

Hata hivyo kina mama wamekataa kurudi kwenye makonyo. Bi Mwanamize ameamuru moto uzimwe, boila lipoe, lifunguliwe keshokutwa, ionekane kama hakuna jengine ndani. Na siku hiyo hiyo ataamua nani abaki.

Nyumbani Saada alikwisha kusimuliwa yote, mpaka maua ya kile kitambaa. Aliniwekea samaki wa kukaanga, akakaa akinitazama nikila bila ndimu.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya leo itakumbukwa Konde.

Mmanga alikataa kuingia ndani ya boila, kwa ajili ya mguu. Nikaingia mimi, nyundo mkono mmoja, tochi mkono mwengine. Wallahi, sikutegemea. Chuma kitupu! Cheusi, safi, ukutani hamna gamba hata la kukwangua kwa kucha. Chini palikuwa na tope kidogo, nikalifuta kwa tambara. Nyundo ilikuwa haina kazi. Nilikaa mle gizani nikacheka peke yangu, na watu wa nje wakasikia, nao wakaanza kusoma dua.

Nikatoa kichwa nikawaita waone. Bi Mwanamize akaingiza mkono wake, akaupitisha ukutani, akautoa. Kiganja kilikuwa na vumbi tu. Akasema tangu boila hili liletwe hajawahi kuliona hivi.

Basi Mmanga akanyanyuka. Akanyanyuka kwa mguu ule ule! Akasema watu walimtakia shari, Mungu akamgeuzia kheri, na gamba limeondoka kwa dua na kwa subira yake. Watu wakasema ni kweli. Mama mmoja akasema Mmanga ana nyota safi, ndio maana anahusudiwa. Bi Mwanamize akaitikia kwa kichwa polepole, akasema basi anaona jambo limeshajieleza, na atakayebaki...

Njia zilikuwa mbili. Ninyamaze, nikalime muhogo. Niseme, niwe mchawi wa Konde nzima, na Saada mke wa mchawi. Mtu mwenye busara angenyamaza. Nami nilikuwa naelekea huko, nakiri. Lakini nikamwona Mmanga anapokea mikono ya watu, anatabasamu, anapokea sifa ya ndimu zangu. Zangu!

Nikapanda juu ya gunia la makonyo. Nikasema, ni mimi! Nikaeleza chokaa, chembe, kona, ukuta usiojengeka. Nikawapa na ile ya watu wa nyundo na watu wa akili, kwa kuwa nilikwisha kuitayarisha. Nikamaliza. Kina mama walijifunika vizuri mitandio. Mmanga aliushika mguu.

Bi Mwanamize hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya.

"Hudhaifa mwanangu, ndimu nshazifahamu. Hicho kitambaa chekundu n'ambie."

Nikasema ndicho kilichokuwapo. Na uzi mweusi? Ndio mgumu. Na kuzifukia chini ya kizingiti? Udongo laini. Akafumba macho, akasema la ilaha illallah.

Nikaomba apigiwe simu shemeji Nahla, mwalimu wa serikali, aitwe mwongo yeye kama wanathubutu. Simu ikawekwa sauti ya juu. Nahla akathibitisha kila kitu! Kweli ndimu inazuia gamba, kweli ni elimu, wala si uganga. Nikawatazama mmoja mmoja, nikianzia kwa Mmanga. Ningekata simu pale ningekuwa mtu mkubwa leo.

Sikukata. Nahla akauliza nilipima kiasi gani. Akauliza kama niliangalia pipa, maana asidi nyingi ikikaa pahala pamoja inakula chuma, na hilo ndilo alilokuwa anataka kuniambia siku ile nikamwacha anasema na ukuta. Wote wakageuka kulitazama pipa. Pipa lenyewe kuukuu, lina kutu zake za asili. Pale kifurushi kilipokuwa kimeegemea, Mmanga akagusa kwa kidole. Kidole kikapita upande wa pili, na maji nayo yakakifuata.

Uamuzi ukatoka pale pale, sote tukiwa na miguu majimaji. Ndimu zitatumika, kwa uwazi, zimekamuliwa na kuchujwa, kwa kijiko, kwa kipimo atakachotoa Nahla. Kipimo kitakuwa mkononi mwa Mmanga, kwa sababu Mmanga akielezwa jambo husikiliza mpaka mwisho. Atakayebaki na boila, tangu Jumatatu wala si mwezi ujao, ni Mmanga. Na mimi, kwa kuwa wazo ni langu, na Bi Mwanamize si mtu wa kudhulumu, sitokwenda muhogoni. Nitakaa bandani pamoja na kina mama, nikamue ndimu.

Watu wakasema amehukumu vyema. Mmanga akanipa mkono. Nikaupokea, ulikuwa baridi.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya kwanza kwenye cheo kipya. Mimi ndiye Mkuu wa Idara ya Asidi. Bi Mwanamize hakutumia maneno hayo hasa, lakini maana ni hiyo hiyo. Idara ina kisu kimoja, chujio moja na mimi.

Kina mama waliniachia nafasi kubwa ya kukaa. Kubwa mno, nusu ya banda. Hakuna aliyetaka kupokea kisu kutoka mkononi mwangu, kila mmoja alisema niweke chini atakiokota. Heshima ya namna hiyo Mmanga hajapata kuiona.

Pipa limeshazibwa, na mchana nilisikia mvuke wa boila ukikohoa. Hapo moyo uliniuma, sitasema uongo. Ile zamu ilikuwa yangu. Nilimkaripia ndimu moja bila sababu.

Jioni Saada alinipokea na chai. Amewaambia majirani kwamba boila la ushirika limesafishwa na mumewe bila nyundo, na asiyeamini akamuulize mdogo wake Wete. Nilijidai sikusikia ili arudie. Akarudia. Halafu akaniomba sindano zake.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo nimepata mgeni. Kaja nyumbani, kavua viatu mbali kabisa na mlango, kakaa kwenye ncha ya mkeka. Mtu mzima, kanzu safi, ana mkahawa karibu na bandari. Ametoka Mkoani! Kisiwa kizima amekikata, kutoka kusini mpaka huku kwetu kaskazini, kwa ajili yangu.

Nikamuuliza kama mabirika yake yana gamba. Akasema hapana, mabirika yake hayana neno. Shida yake ni jirani yake, mwenye mkahawa wa mbele, anayemmalizia wateja. Amesikia Konde kuna mtu wa ndimu saba, aliyelitia mkono boila likasafika, na hata dua ya maalim haikumpata.

Nilikasirika! Nikamwambia amepotea njia. Mimi ni mtu wa elimu, haya ni mambo ya chokaa na asidi, chembe na kona zake. Nikamweleza yote tangu mwanzo, yeye akiitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa. Nilipomaliza akasema ndivyo walivyomwambia watu, kwamba mwenyewe hapendi kujionyesha. Akasema jina langu limeshafika bandarini, wachukuzi wanalitaja, abiria wa Unguja wanaondoka nalo.

Bandarini! Mmanga hajulikani hata Wete.

Nikamtazama tena yule mgeni, nikaona ni mtu mwenye akili zake. Na elimu nayo haifai kunyimwa watu. Nikamwambia arudi Jumatano na fungu moja la ndimu, zisizo na doa. Tena aje na jina la mama yake huyo jirani, kwa ajili ya vipimo.